Tanuri Lijengwe Wapi

Jumanne, 6 Agosti

Mdogo wangu Bibi Mawingu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, magoti yake ndiyo yaleyale. Wifi yako anakusalimu. Mimi nimejaa unga mpaka kwenye nyusi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatuwezani: juzi nimekukatia, ukanipigia tena ili na wewe unikatie. Barua ni nzuri. Nikichemka, mpaka nipate kalamu nimeshapoa. Dereva wa gari la unga amekubali kuwa tarishi wetu. Kila akirudi mjini atapita ofisini kwenu kwenye vipima mvua vyenu, na ujira wake ni mkate wa moto.

Kile kikaratasi chako cha tabianchi nimekipata na nimekisoma chote, usinidharau. Lakini tanuri nitajenga palepale. Tangu la baba lilipopasuka baada ya mafuriko ya mwaka jana tunaoka kwenye kitanuri cha muda kinachotoa mikate myeusi upande mmoja na mibichi upande wa pili, na wateja wanaanza kunitania. Matofali nimeshapata. Fundi mwashi nimeshampata, ataanza mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua. Litakuwa huku chini karibu na mto, na chumba cha Mama kitabaki mgongoni mwa tanuri kama zamani, apate joto la magoti.

Wewe unataka tupande kwenye kile kiwanja chetu cha juu, kando ya barabara, eti mafuriko yatarudi. Nani kasema? Kompyuta! Mdogo wangu, hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia iwe dunia. Ukame ulikuwepo kabla ya magari, mafuriko yalikuwepo kabla ya viwanda. Mwezi uliopita baridi ilipiga mpaka nikavaa soksi mbili mbele ya moto. Hilo joto lenu lilikuwa likizo? Na ninyi ndio mliosema Jumapili ya harusi ya jirani ingenyesha. Watu wakabeba viti vyote ukumbini, jua likawaka la kutoboa utosi. Asiyeijua Jumapili ataijuaje miaka thelathini ijayo?

Halafu usiwe unayakuza yale mafuriko. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, tukapiga deki, maisha yakaendelea.

Wako, kaka mtu

*

Jumanne, 13 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mkate, wenzangu wote wakaja kuinusa mezani kwangu. Dereva anasema ulimpa wa jana. Mtunze tarishi wetu, tafadhali.

Tuanze na harusi. Tulikosea, na yule bibi harusi akiniona njiani anageuza shingo. Lakini hebu niambie: kesho asubuhi mteja wako wa kwanza atakuwa nani? Hujui. Na bado unajua kwamba shule zikifunguliwa utauza kuliko zikifungwa, na unaagiza unga kwa kujua hivyo, wala hukosei. Kuitabiri Jumapili ni kumtaja mteja wa kwanza. Kuitabiri miaka thelathini ni kujua shule zikifunguliwa itakuwaje. Ni kazi mbili tofauti, na ya pili, amini usiamini, ndiyo tunayoiweza zaidi.

Ile baridi yako ya soksi mbili ilikuwepo, tuliipima hata sisi. Lakini siku chache za baridi hazifuti mwaka mzima wa joto. Siku moja ukiuza mikate yote mpaka rafu zikabaki tupu, wifi hataki gari jipya siku hiyohiyo.

Na hilo la tangu dunia iwe dunia, ni kweli kabisa, hakuna anayebisha. Sasa niambie jambo moja. Mikate iliungua kwenye lile tanuri kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Leo ikiungua, utasimama pale useme mikate imekuwa ikiungua tangu zamani? Nakujua wewe. Utauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa nani alikuwa zamu na amechochea kuni kiasi gani. Ndivyo tulivyouliza sisi pia. Tumeikagua hewa, tukakuta moshi wa makaa na mafuta tuliyoyachoma umeiongezea gesi inayoshika joto, na alama zake zinaonyesha kabisa imetoka wapi. Aliyekuwa zamu ni sisi, watu.

Kaka, mimi sitaki kukushinda. Nataka Mama alale pakavu. Basi.

Mdogo wako, ambaye si kompyuta

*

Jumatano, 21 Agosti

Bibi Mawingu,

Umekuja na mifano ya mikate ili unilainishe kama siagi. Nimekustukia.

Haya, mimi pia nina maswali. Kwanza jua. Jua ndilo linalotuchoma, kila mtu analiona, mbona ninyi mmelisamehe? Pili, hiyo gesi mnayoitukana ndiyo chakula cha miti, tulifundishwa darasani na wewe ulikuwa unanukuu kuliko sote. Tatu, kuna bwana anazungumza redioni kila Alhamisi, msomi, ana sauti nzito, anasema wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Nne, hata kama ni kweli, mimi na kuni zangu tumechafua nini? Nenda kawaandikie wenye mitambo na ndege.

Niache mimi na matatizo ya kweli, yasiyo ya mawinguni. Mzee muuza hamira ananichezea. Unakumbuka baba alivyotufundisha: kikombe cha bati kimoja jioni, funika beseni, alfajiri unga umeumuka mpaka ukingoni, unaukuta unakusubiri. Sasa siku hizi nikiweka kikombe kizima, naamka nakuta unga umeshamwagika sakafuni na umechacha, unanuka kama soksi zangu mbili. Nimekuwa nikipunguza, nikipunguza, sasa hivi naweka nusu. Nikamwambia yule mzee kuwa anachanganya madawa kwenye hamira ili ionekane kali. Akaapa, nikaapa, tukatoleana maneno mbele ya wateja. Hatusalimiani. Nimehamia kwa muuzaji mwingine, na yeye kumbe ni walewale! Dunia imeharibika kweli, lakini ni kwa sababu ya watu wasio waaminifu, si kwa sababu ya moshi.

Mama anasema ule vizuri, sauti yako kwenye simu imekonda.

Kaka yako

*

Alhamisi, 22 Agosti

Wifi yangu,

Nimemdaka dereva akiwa anawasha gari, kwa hiyo samahani kwa mwandiko. Kaka yako hajui kama nakuandikia, na nakuomba asijue.

Amekwambia maji yalifika kwenye vifundo. Vifundo vya nani, vya twiga? Wifi, maji yaliingia chumbani kwa Mama yakafika kwenye godoro. Tulijaribu kumtoa, mume wangu akambeba mgongoni, lakini mlangoni mkondo ukamzidi nguvu, ikabidi warudi ndani. Tukampandisha Mama juu ya ile meza ya kukandia. Meza ikaanza kuelea. Kaka yako na wapakiaji wawili waliishikilia mpaka kulipokucha, maji kifuani, na Mama juu yake anasali kwa sauti ndogo. Tangu siku hiyo, mvua ikigusa bati tu, mume wangu anatoka kitandani anakwenda kusimama uani akiutazama mto. Anadhani nimelala.

Alituambia sote tusikwambie kwa sababu uko mbali na ungekosa raha. Mimi nimenyamaza mwaka mzima. Lakini fundi anakuja, wifi, na nikiona pale wanapotaka kuchimba msingi, naiona ile meza inaelea.

Wifi yako

*

Ijumaa, 30 Agosti

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Leo sitaki kukutania, ingawa ile ya soksi nimeicheka peke yangu kwenye ngazi.

Jua hatujalisamehe. Kuna vyombo angani vinavyolipima kwa miongo mingi sasa. Halijaongeza moto, na dunia imeendelea kupata joto. Tena lingekuwa ni jua, hewa ya juu kabisa nayo ingepata joto. Badala yake huko juu panapoa, huku chini joto linapanda, na mahali pengi joto la usiku limepanda haraka kuliko la mchana. Jua gani hilo linalowaka usiku? Hiyo ni kazi ya blanketi, yaani ile gesi iliyotufunika.

Miti inakula gesi hiyo, umesema kweli, na nilikuwa nanukuu vizuri sana. Lakini ngano haishibi gesi peke yake, inataka maji, na iyapate kwa wakati wake. Muulize tarishi wetu kwa nini msimu uliopita alikuwa anakuletea magunia pungufu. Na yule bwana wa Alhamisi: jino likikuuma, ukazunguka kwa madaktari wa meno wote wakakwambia limeoza, utaenda kukaa na mtu mmoja mwenye sauti nzito anayesema liko zima? Wataalamu tunabishana, ndiyo, mchana kutwa. Tunabishana joto litapanda kiasi gani na mvua itaangukia wapi. Kwamba linapanda na kwamba ni sisi, ubishi huo ulishakwisha.

Sitakudanganya kuhusu mafuriko ya mwaka jana. Siwezi kuapa kwamba yale yaliletwa na joto. Ninachoweza kusema ni kwamba hewa ya joto inabeba maji mengi zaidi, na ikiyamwaga inayamwaga kwa pamoja. Mvua za namna ile sasa zina nafasi kubwa ya kurudi kuliko zamani za baba.

Sasa hamira. Kaka, wauzaji wawili wasiojuana wakuuzie hamira kali ileile? Jaribu jambo moja kwa ajili yangu. Jioni moja kanda mabeseni mawili, kila moja kwa kikombe kizima cha baba. Moja liache mahali pake. La pili lizungushie barafu kidogo, lipate ubaridi kama wa usiku wa zamani, wa yale majira tuliyokuwa tunagombania blanketi. Halafu uniambie alfajiri umekuta nini.

Na kaka, kama kuna jambo lolote la mwaka jana ambalo hukuniambia ili nisihangaike, mimi ni mtu mzima sasa. Ninaweza kulibeba.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 12 Septemba

Mdogo wangu,

Nimefanya. Barafu nimeiomba kwa muuza vinywaji, akaniuliza kama nina homa.

La kwanza lilimwagika sakafuni kama kawaida. La pili nilifunua alfajiri, nikakaa chini kwenye gunia. Limefika ukingoni. Ukingoni kabisa, mdogo wangu, limetuna vizuri, halina uchachu, kama lile alilokuwa akilifunua baba na kutuita tulitazame. Nikasema labda nimekosea, nikarudia kesho yake. Vilevile. Nikasema basi ni hili bati jipya la paa, au hicho kitanuri cha muda, vinapasha chumba. Nikahamishia beseni stoo yenye paa la makuti, mbali na moto wowote. Likamwagika la stoo.

Nimekwenda kwa muuza hamira. Nilimkuta anafunga duka, nikamwambia mzee wangu, hamira yako haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Akaliacha kufuli likining'inia, akasema, "Wewe ni mwoka mikate wa sita kuja kuniomba radhi, na wengine bado wamenuna." Kumbe tulimchukia wote! Waoka mikate wote wa huku tumepunguza hamira kidogokidogo, kila mmoja kimyakimya, kila mmoja akimlaani mzee wa watu.

Sasa nikuambie ukweli, maana umeniuliza kwa upole na upole wako ndio unaoniangusha. Maji hayakufika kwenye vifundo. Yalitaka kumchukua Mama mikononi mwangu, tukamshikilia juu ya meza ya kukandia mpaka kukakucha. Sikukwambia kwa sababu hata mimi mwenyewe sikutaka kujua. Ile nikisema ni bahati mbaya ya mara moja, nalala. Nikisema umesema kweli, nitalalaje? Kama ni dunia nzima imepata homa, mimi na beseni langu tutafanya nini? Kuna faida gani kujenga tanuri, huku au huko, kama yote yanakwenda kuharibika? Bwana wa redioni angalau ananiambia niendelee kukanda unga. Wewe unaniambia nini?

Kaka yako

*

Jumatano, 18 Septemba

Kaka yangu, mwanaume wangu wa meza,

Nimelia, nisifiche. Kisha nikaosha uso nikarudi kazini, maana saa ya kusoma vipimo haisubiri.

Kuhusu unga, kwanza: ulivyohama na beseni mpaka stoo, ulifanya kile tunachofanya sisi. Ndiyo maana vipimajoto vyetu hatuvitundiki kwenye paa la bati wala karibu na jiko, na hatuamini kimoja mpaka tumeuliza vingine. Mimi nisingekubali kuhukumu dunia kwa mabeseni yako mawili. Nimefungua rekodi za usiku za kituo chetu, na vituo vya jirani, na vya nchi za mbali ambazo hatujuani. Zinasema kama waoka mikate wako.

Sasa swali lako. Wewe unaniambia nini, umeuliza. Nakwambia uendelee kukanda unga! Mimi siku nyingine napanda kwenye ngazi ya kipima mvua najiuliza kama kuna haja. Halafu nakumbuka wewe na baba mlivyokuwa mnafanya tanuri likizidi moto. Hamkusema limeshaharibika tuache yote yaungue. Mlitoa kigogo kimoja, mkatoa kingine. Joto halikushuka saa ileile, nikawa nadhani mnapoteza muda, lakini mikate ilitoka. Ndivyo ilivyo. Hakuna siku ambayo mtu atasema sasa tumechelewa, choma tu. Kila moshi usiopanda ni joto ambalo halitakuja, na kazi imeanza: hapa ofisini umeme wote unatoka juani, hospitali iliyo mbele yetu vilevile, na miaka kumi nyuma ungetuita wendawazimu. Wenye mitambo mikubwa tunawaandikia, usijali, tena kwa maneno makali kuliko haya. Fungu lako si kuipoza dunia. Muulize fundi kuhusu tanuri la kuta mbili lenye majivu katikati, lisilomaliza kuni. Na ulijenge juu.

Mama unaweza kuniletea mimi huku mjini mpaka ujenzi uishe. Nimeshampangia chumba, nimenunua hata pazia.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 26 Septemba

Mdogo wangu,

Umenishinda, nimekubali, na uifiche barua hii wifi yako asiione. Fundi anasema tanuri la kuta mbili analijua, ameshajenga mawili. Mchoro amenichorea kwenye mfuko wa saruji, nikiutazama nacheka peke yangu.

Lakini nitalijenga huku chini. Tatizo si wewe wala jua, ni Mama. Nilipomgusia tu kuhama, miezi mitatu iliyopita, alisema hatoki. Mjini kwako ndiyo kabisa hatafika, hilo pazia litundike mwenyewe. Siwezi kumng'oa mama yangu kwenye chumba alichoishi na baba, kwa nguvu, na magoti yale. Nitainua msingi, nitaweka mifuko ya mchanga, nitalala mlangoni kwake majira yote ya mvua. Fundi anaanza Jumatatu. Usinikasirikie.

Kaka

*

Jumatano, 2 Oktoba

Mwanangu,

Haya ni maneno yangu, mkono ni wa wifi yako, nimemwambia aandike kama nilivyosema na asinipambe.

Barua zenu zote nimezisikia. Kaka yako huzisoma kwa sauti akidhani mlango wa chumba changu ni ukuta. Nimelisikia jua, nimesikia blanketi, nimesikia na yule mwenye sauti nzito. Kwa hiyo Jumatatu, kaka yako alipokwenda kumchukua fundi, niliwaita wapakiaji wa unga. Nikawaambia wanibebe na kitanda changu na birika langu wanipeleke kiwanja cha juu. Walikataa, nikawaambia basi nitatembea, wakanibeba. Wakanifungia turubai. Kuna upepo mzuri huku, na barabara inapita watu, nimeshasalimiwa kuliko mwaka mzima huko bondeni.

Kaka yako na fundi walifika chini wakanyoosha kamba, wakapima, fundi akainua sululu, ndipo mwanangu akaenda chumbani kunijulia hali. (Wifi, alipiga kelele tukamsikia huku juu. Nacheka mpaka leo.) Alipanda mbio kile kilima na umri ule. Akasimama mbele yangu anahema, ananiuliza, "Mama, si ulisema hutoki?"

Nilisema sitoki kwenye moto wa tanuri. Magoti yangu yanataka moto, hayajawahi kuomba mto. Baba yenu nilikaa naye chumba kile, ndiyo, na angekiona kimejaa maji angekuwa wa kwanza kukihama, alikuwa mtu mwoga sana wa maji, ninyi hamkujua. Fundi akauliza achimbe wapi. Nikamwonyesha kwa mguu, hapa, nyuma ya kitanda. Ameshafika kwenye safu ya tatu ya matofali.

Kaka yako naye amekamata koleo, anamchanganyia fundi udongo. Jana manyunyu yalianza, madogo tu, nikamwona amesinzia kwenye gunia kando ya mchanga, mdomo wazi, hakushtuka. (Ni kweli, wifi. Nilimfunika.)

Njoo uone, na lile pazia ulilete, huku hakuna dirisha bado lakini litakuwepo. Nyote wawili mna akili, nawashukuru mlivyonihangaikia. Mmeandikiana barua majira mazima nilale wapi mimi. Nilikuwa nikisubiri mmoja wenu aniulize.

Mama yenu